Namba ya nafasi siyo alama: maongezi na vijana wanaoomba vyuo vya nje, Uyole

Haya niliyaongea Jumamosi iliyopita hapa Uyole, Mbeya, ukumbi wa kanisa, mbele ya vijana waliomaliza form six na wazazi wao, wengi wana ndoto ya udaktari na uuguzi na baadhi wameshaanza kuomba vyuo vya nje. Watu kadhaa ambao hawakufika wameniomba niyaandike, basi nimekaa nimeyaandika karibu vilevile nilivyoongea, na maswali ya watu nimeyaacha palepale yalipoingia.

Wazazi wangu shikamooni. Rika langu habari za asubuhi. Wanangu hamjambo. Wenyeji mwagonile, na wale waliofika jana na basi la Iringa, kamwene, poleni na baridi, mjue hii ya leo ni ndogo.

Nianze na kilichonitoa nyumbani. Mwaka juzi binti wa dada yangu aliomba kusoma uuguzi Canada, na kule kati ya vitu walivyomtaka afanye ni mtihani mmoja unaitwa Casper. Akaufanya, akasubiri wiki kadhaa, matokeo yakaja kwenye email. Usiku saa nne simu inaita, napokea nasikia mtu analia. "Mjomba, nimefeli." Nikamuuliza umepata ngapi. Akasema alama hawajamwambia, ameandikiwa tu kwataili ya 2. Nikamwambia sasa umejuaje kama umefeli? Akanyamaza kidogo afu akasema, mjomba si ni mbili kati ya nne, hiyo ni nusu, ni hamsini kwa mia. Na nyuma yake namsikia dada yangu anasema, we mtoto acha kulia, divisheni two siyo mbaya, mbona wengine wanapata four.

Yaani nyumba moja, karatasi moja, namba moja, mtoto anaona hamsini kwa mia, mama anaona divisheni two, na wote wawili wamekosea kabisa. Usiku ule sikulala vizuri. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nimefundisha miaka mingi, na mtoto wa damu yangu amesoma namba akaitafsiri kinyume na hakuna mtu aliyewahi kumfundisha namna ya kuisoma. Ndo maana nilipoambiwa kuna kikao cha vijana wanaoomba vyuo vya nje nikasema naomba nusu saa.

Sasa wale ambao hawajauona huu mtihani. Aina hii ya mtihani kwa kifupi wanaiita SJT, situational judgement test, yaani mtihani wa maamuzi. Haukuulizi moyo una vyumba vingapi. Unakupa tukio afu unakuuliza ungefanyaje, au wanakupa kitendo useme kinafaa kiasi gani. Mfano niutunge wa hapa kwetu. Uko field hospitali, mwezi wa kwanza, unamwona mwenzako mliyetoka naye shule moja anampiga picha mgonjwa aliyelala ili aweke status, anasema uso hauonekani. Utafanyaje? Unaenda moja kwa moja kwa daktari mkuu? Unamvuta pembeni kwanza? Unanyamaza maana ni rafiki na ndo anayekulipia nauli ya daladala? Kwenye UCAT, mtihani wa kuombea udaktari ambao ndo unatumika sana Uingereza na Australia na New Zealand, kuna sehemu ya maamuzi, wanakupa kitendo kimoja kimoja na majibu manne: kinafaa sana, kinafaa ila siyo bora, hakifai ila siyo vibaya sana, hakifai kabisa. Jibu lako linalinganishwa na la jopo la watu wa fani hiyo, na ukikaribia unapata sehemu ya alama. Casper yenyewe unaandika kwa maneno yako au unajirekodi video, na kila tukio linasahihishwa na mtu tofauti ambaye hajaona ulivyojibu matukio mengine. Marekani wana mwingine unaitwa PREview, wa chama cha vyuo vyao vya udaktari, AAMC, nao unakupa vitendo useme kila kimoja kina manufaa kiasi gani.

Sitaki kukaa sana hapo, namna ya kujibu ni somo lingine. Mimi nataka tuongelee kile kinachokuja baadaye, ile namba.

Nilipofika hapo nikawaomba vijana wanane wapande mbele wajipange kwa urefu, mfupi kushoto mrefu kulia. Wakajipanga. Nikawakata wawili wawili, yakatoka mafungu manne. Nikasema hawa wawili wa kushoto ni kwataili ya 1, wanaofuata ya 2, wanaofuata ya 3, hawa warefu ya 4. Kulikuwa na binti mmoja kavaa sweta la kijani, yeye alikuwa wa tano kutoka kushoto, kwa hiyo yuko kwataili ya 3, anatabasamu. Nikawaambia wale wanne wafupi rudini mkakae. Nikaenda nyuma nikachagua vijana wanne warefu, wale wanaocheza basketi, nikawaleta mbele wakaingia kwenye mstari. Binti wa sweta la kijani sasa yuko mwanzo kabisa wa mstari. Kwataili ya 1. Nikamuuliza, umepungua sentimita ngapi? Ukumbi mzima ukacheka, akasema hata moja.

Basi hapo ndo penyewe, nikawaambia msitoke humu bila kupaelewa hapo. Kwataili maana yake robo. Wanachukua wote waliofanya mtihani wa aina yako, wanawapanga kuanzia aliyepata kidogo mpaka aliyepata nyingi, wanakata mstari mara tatu, yanatoka mafungu manne yenye watu sawa. Wewe unaambiwa uko fungu gani, huambiwi umejibu vizuri kiasi gani. Wangekuwa wote wamejibu kama malaika, bado robo yao wangeandikiwa 1. Na wote wangekuwa wamejibu ovyo, bado robo yao wangeandikiwa 4 na wangefanya sherehe. Mpwa wangu kupata 2 maana yake kuna zaidi ya robo ya watu aliowazidi na kuna zaidi ya nusu waliomzidi, basi, hamna hamsini kwa mia hapo, hamna kufeli wala kufaulu, na wale aliopangwa nao ni watu wanaoomba uuguzi na kozi kama hizo kule, watu waliojiandaa, siyo watu wa kuokoteza njiani.

Mama mmoja wa upande wa kulia akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani, sasa hiyo inatofautianaje na divisheni? Maana hata divisheni ni mafungu."

Nikamwambia mama asante sana, hilo ndo lilimchanganya dada yangu. Divisheni ni mafungu kweli lakini yamekatwa kwenye alama, hayakukatwa kwenye watu. Form four ukiwa na pointi 7 mpaka 17 una divisheni one, form six ni 3 mpaka 9, na hakuna anayeuliza jirani yako kapata ngapi. A ya form four inaanzia 75. Darasa zima mkipata 75, darasa zima mna A, hakuna anayemnyang'anya mwenzake. Mzani wa dukani uko hivyo, kilo ni kilo hata kama duka zima limejaa magunia ya kilo mia. Kwataili haina mzani. Kwataili inakuuliza tu, kati ya hawa, we uko wapi?

Na sisi tunaijua hiyo, tumekulia humo. "Umekuwa wa ngapi?" Mtoto anashuka kwenye gari la shule hata begi hajatua, swali la kwanza ni hilo. Naomba niseme kitu changu mwenyewe hapa, sijawahi kukisema mbele za watu.

Mimi nilisoma form one na two shule moja ya hapa mkoani, shule nzuri, watoto walichujwa kuingia pale. Siku ya kufunga wazazi wanaitwa, mwalimu wa darasa anasoma majina kwa nafasi, wa kwanza mpaka wa mwisho, mzazi anasimama na mtoto wake. Tulikuwa 58. Baba yangu mkulima wa viazi kule Uporoto, kaja na koti lake la kanisani, kasimama nyuma. Jina langu likasomwa la 31. Wastani wangu ulikuwa 61. Baba hakuuliza wastani, na mimi sikuthubutu kumwambia, tulitembea mpaka stendi hatujasemezana neno, na kwenye gari akaniambia kitu kimoja tu, thelathini na moja, mwanangu. Mwaka uliofuata ada ikashindikana nikahamia shule ya karibu na nyumbani, walimu wachache, vitabu vichache, wenzangu wengi walikuwa wanatoka shamba moja kwa moja kuja darasani. Muhula wa kwanza nikawa wa 3 kati ya 44. Baba alichinja jogoo. Majirani wakaitwa. Na wastani wangu muhula ule ulikuwa 59.

Mmeona? Nilishuka alama mbili nikachinjiwa jogoo. Simlaumu baba, Mungu ampumzishe, hakuna aliyemwambia kuna swali la pili la kuuliza. Lile la kwanza ni umekuwa wa ngapi, la pili ni kati ya kina nani. Mimi nililijua nikiwa mtu mzima tayari, na nikikumbuka ile safari ya kwenye gari bado inauma.

Ndo maana mwanzoni mwa 2023, yalipotoka matokeo ya form four ya 2022 na NECTA wakaacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, watu wengi walikasirika lakini mimi nilishukuru. Mwenye alama zake anazo, hakuna aliyemnyang'anya.

Sasa tuje kwenye kitu kingine ambacho kinawaangusha watu, namba zinasoma kwa kugeuka. Nani humu katoka Rungwe? Mikono ikanyooka mingi. Nani kwao wanauza parachichi za kusafirisha nje, hass? Mikono ikabaki kama sita. Nikamwambia kijana mmoja simama utueleze, katoni ya kilo 4, parachichi namba 12 na namba 24, lipi kubwa? Akajibu bila kufikiri, namba 12. Kwa nini? Kwa sababu yanaingia 12 tu katoni inajaa, ya namba 24 ni madogo yanaingia 24. Nikachukua chaki nikagawa ubaoni, gramu 4,000 kwa 12 ni kama 333 kwa tunda, kwa 24 ni kama 166, tunda moja ni nusu ya lingine. Mtu wa mjini ambaye hajawahi kusimama kwenye meza ya kuchambua parachichi akiona 24 atadhani ndo babu kubwa.

Ndo ilivyo huku. Casper, kwataili ya 4 ndo ya juu na ya 1 ndo ya chini. UCAT ya Uingereza, ile sehemu ya maamuzi wanatoa bendi, na Bendi ya 1 ndo ya juu, Bendi ya 4 ndo ya chini kabisa. Zimegeuka. PREview wanatoa alama kuanzia 1 mpaka 9 na 9 ndo juu. Nimekutana na mzazi, mtoto wake kafanya mitihani miwili mwaka mmoja, huku ana 4 huku ana 1, mzee akasema huyu mtoto hajielewi, huku mzuri huku mbovu. Kumbe kote yuko juu kabisa! Kwa hiyo kabla hujafurahi au hujalia, uliza kwanza juu ni wapi.

Na bendi za UCAT zina tofauti nyingine na kwataili, hapa mnisikilize vizuri kidogo. Kwataili lazima zilingane watu, robo robo. Bendi hazilazimiki kulingana. Mwaka huu Bendi ya 1 inaweza kuwa na watu wengi kuliko mwaka jana, na kwa kawaida Bendi ya 4 ndo ina watu wachache, maana bendi inasema umekaribiana kiasi gani na lile jopo. Kwa hiyo usichukue Bendi ya 3 ukasema ooh niko robo ya tatu. Nenda kwenye takwimu za mwaka wako, wanazitoa, uone bendi yako ilikuwa na asilimia ngapi ya watu.

Neno lingine mtakalokutana nalo ni pasentaili. Ukiambiwa uko pasentaili ya 60 hujapata 60 kwa mia, narudia, hujapata 60 kwa mia. Ungepangwa na watu mia, ungekuwa umewafikia au kuwazidi kama 60. Unaweza kuwa umejibu vizuri sana ukawa pasentaili ya 40, kwa sababu wenzako nao wamejibu vizuri sana.

Na hapa katikati pana msongamano. Nimekuja na daftari langu la alama la mwaka jana, form three, wako 60, majina nimeyafunika. Hesabu, mtihani wa mwezi. Kati ya alama 48 na 55 kuna wanafunzi 27. Yaani karibu nusu ya darasa wamebanana ndani ya alama nane, kama daladala ya Mwanjelwa saa kumi na mbili jioni. Kijana mmoja alikuwa na 49, akawa wa 38. Mwezi uliofuata kapata 54, wenzake wako karibu palepale, akawa wa 17. Alama tano, karuka watu 21! Binti anayeongoza alikuwa na 81 akapanda mpaka 90, alama tisa, nafasi yake haijasogea hata kidogo, alikuwa wa kwanza na bado wa kwanza. Sasa mzazi wa yule kijana atasema mwanangu kawa genius ndani ya mwezi, na mzazi wa yule binti ataona mtoto wake yuko palepale. Wote wanadanganywa na nafasi.

Kwenye hii mitihani ni hivyo hivyo, watu wengi wako katikati. Mwenye pasentaili ya 49 anaandikiwa kwataili ya 2, mwenye 51 anaandikiwa 3, na wawili hao pengine wamepishana sentensi moja kwenye tukio moja. Na mwenye 26 naye anaandikiwa 2, sawa na yule wa 49, wakati hao wawili wako mbali sana. Wewe huoni hayo, unaona 2 tu. Chuo kinaona zaidi yako. Casper ikienda chuoni wanapewa namba inayoonyesha uko mbali kiasi gani na wastani wa wenzako, juu au chini, wao hawaangalii ile robo uliyoandikiwa wewe. Kwa hiyo ukikaa unajilinganisha na rafiki yako kwataili kwa kwataili mnaumizana bure.

Hapo kijana mmoja akauliza swali ambalo nililitegemea. "Mwalimu, kwa hiyo hii namba haina maana, tusiijali?"

Hapana mwanangu. Sijasema hivyo na sitaki mtu atoke humu akisema mwalimu kasema namba haina maana. Kuna vyuo Uingereza ukiwa Bendi ya 4 hawalifungui kabisa faili lako, hata uwe na A tatu. Kuna vingine wanaitumia baadaye wakiwa na watu wawili wamelingana, kuna vingine wanaijumlisha na alama za usaili. McMaster, kile chuo cha Hamilton Canada ambako Casper yenyewe ilianzia, kwa miaka kadhaa kwenye kuchuja wa kuitwa usaili waliipa Casper asilimia 32, sawasawa na alama za chuo. Asilimia 32 siyo ya kupuuza. Ninachosema ni kwamba namba haina nguvu moja kila mahali. Hiyo hiyo Bendi ya 3 kwenye chuo hiki haikuzuii kitu na kwenye chuo kile inakurudisha nyuma ya foleni. Sasa kazi yako ukishaipata namba ni kwenda chuo kwa chuo, mwaka husika, wasome wanaitumiaje, wengi wanaandika wazi. Usitumie ya mwaka jana uliyosikia kwa kaka wa mtu, wanabadilisha.

Na fikirini hii. Uingereza kulekule, madaktari waliotoka chuo walikuwa wanapangiwa vituo vya kazi kwa mtindo huu huu, nusu ya alama zinatoka kwenye SJT, na nusu nyingine sehemu kubwa ni nafasi yako ndani ya chuo chako, wamekatwa mafungu kumi. Kuanzia 2024 wakauacha ule mtindo, sasa kompyuta inampa kila mmoja namba kwa bahati na wanaangalia zaidi machaguo ya mtu. Sisemi bahati ni bora, hilo linabishaniwa hata huko kwao. Lakini ujue hata wao, wenye mitihani, wameona nafasi ina mahali pake na ina mahali inapoumiza watu. Fungu la kwanza chuo hiki na fungu la kwanza chuo kile, nani kasema ni sawa? Ni jogoo wa baba yangu tu.

Mzee mmoja kutoka Makambako akauliza, mtoto akipata ndogo anaweza kurudia? Shikamoo mzee wangu, jibu ni kwamba mwaka huohuo hapana. UCAT unafanya mara moja kwa mwaka, na matokeo ni ya maombi ya msimu huo. Casper nayo aina moja ya mtihani unafanya mara moja kwa msimu. Mwakani unaweza, unaanza upya, na ile ya zamani haikufuati. Kwa hiyo usimpeleke mtoto kufanya kwa kujaribu jaribu, aende akiwa tayari.

Kujiandaa nasema kwa kifupi maana muda umeniishia. Kaa na saa, jibu matukio kwa muda uleule wa mtihani, kwenye UCAT ile sehemu ya maamuzi ina maswali 69 kwa dakika 26, hapo hamna kufikiria mara mbili. Casper hawakukati alama kwa spelling, kwa hiyo usipoteze sekunde kusahihisha neno la Kiingereza, andika wazo lako liishe. Ile unaifanyia kwenye kompyuta yenye kamera, kwa hiyo tafuta mahali penye umeme wa uhakika na intaneti isiyokatika, bando la simu peke yake usilitegemee, na wazazi siku hiyo tafadhali redio izimwe na mgeni asiingie sebuleni. Mpwa wangu katikati ya video jirani alikuja kuomba kibiriti. Ni kitu kidogo lakini dakika ile hairudi.

Najua mtaniuliza huyo binti iliishaje. Tulikaa naye siku mbili baada ya ile simu. Kwanza tulifuta lile neno nimefeli. Afu tukachukua vyuo vitano alivyoomba, tukasoma kimoja kimoja. Vitatu walikuwa wanaitumia Casper kwa uzito mkubwa, viwili kidogo. Vile vitatu vikamkataa, hatukushangaa, ingawa hatujui kama ni Casper au ni kitu kingine, hawasemi. Vile viwili, kimoja kikampa nafasi lakini pesa haikupatikana. Leo anasoma uuguzi hapahapa nchini, mwaka wa pili, na anafanya vizuri. Namba ile haikusema chochote kuhusu mkono wake unavyoshika mgonjwa, nimemwona wodini, nimemwona anavyomwinua bibi wa watu kitandani taratibu, anamwambia bibi nishike shingoni, usiogope, na bibi anamshika.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mwenye matokeo yake tayari asiende mbali, niko hapa na laptop tusome pamoja.

Baada ya hapo watu wengi walitoka kwenda kunywa chai lakini baba mmoja alibaki, mtu wa Kyela, kaja na mwanae wa kiume, kijana kimya sana. Akanipa simu. UCAT, Bendi ya 3. Kijana anaangalia chini. Baba yake hakuniambia habari ya kufeli wala kufaulu, alitoa ile ratiba ya kikao mfukoni, akaigeuza nyuma, akachukua peni yangu mezani akaandika majina ya vyuo vinne kwa mwandiko mkubwa wa polepole, akaniuliza, mwalimu, kati ya hivi, ni vipi vinavyokata ya 4 peke yake? Tukakaa watatu kwenye benchi tukaanza kusoma. Tulipata viwili kabla laptop haijaisha chaji. Vingine viwili tutavimalizia Jumatatu, pale stationery ya karibu na stendi, saa tatu asubuhi, na mwenye swali la namna hiyo anaweza kuja na karatasi yake.